Bakteria akibanwa na njaa anamwaga protini nje: hii ni akili au ujinga?

#1 Mchokonozi
Wakuu salama? Kuna kitu nasoma hapa kinagoma kuingia kichwani. Wanasema bakteria wengi chakula kikiwa kingi wanatulia, wanakula, wanagawanyika, basi. Ila chakula kikianza kuisha ndo wanaanza kutengeneza protini na kuzitoa NJE ya seli. Sasa mi najiuliza, protini si mali hiyo? Ina kaboni, ina naitrojeni, nyingine zina salfa, na kuiunga kunakula nishati si mchezo. Yani umebakiwa na akiba ya mwisho ndani halafu unafungua dirisha unaitupa kwenye maji, haijulikani itarudi au ndo imekwenda. Hii ni akili, au ni ujinga uliopona kwa bahati? Nina mtihani wiki ijayo, wajuzi wa vidudu shukeni.

#2 Mpitanjia
Naweka kambi hapa. Leteni elimu.

#3 Kolonia7
Mkuu hajatupa akiba, ametupa ndoano. Bakteria hana mdomo. Kinachoingia kwake lazima kipite kwenye vijitundu na vibebeo vya kwenye utando, na vile vinapitisha vitu vidogo tu kama sukari moja moja, asidi amino (yale matofali yanayojenga protini), vipande vifupi. Sasa nje kukibaki wanga, selulosi au protini za mizoga, lile ni gogo, halipiti. Inabidi atume msumeno nje ukakate huko huko kisha avute vipande.

Ukitaka kuona kwa macho chukua Bacillus subtilis, mpandikize kwenye agari (ile jeli ya kuoteshea vijidudu) yenye maziwa yaliyotolewa mafuta, iache usiku. Asubuhi agari yote nyeupe ila kuzunguka kolonia kuna duara limekuwa angavu kama kioo. Pale protini ya maziwa imeshakatwakatwa. Mi nilivyoiona mara ya kwanza nilidhani nimemwagia maji sahani, nikaitupa, nikaandaa nyingine, nayo ikaja vile vile.

#4 Mchokonozi
Asante Kolonia7, ndoano nimeielewa. Ila hujagusa gharama. Msumeno ukishatoka unaelea, na vipande ulivyokata vinaelea pia. Nani kakuhakikishia vinarudi kwako?

#5 Fundi Agari
Gharama tuipige hesabu basi. Subtilisini, ndo kimeng'enya (msumeno) kimojawapo kinachochora hilo duara la Kolonia7, ikikomaa ina asidi amino 275. Lakini inazaliwa na 381. Zile 29 za mbele ni anwani ya kuipeleka mlangoni, 77 zinazofuata ni kama ala ya kisu, zinaisaidia ijikunje sawasawa na zinaizuia isianze kukata ovyo kabla haijatoka. Huko nje zote 106 zinakatwa zinaachwa. Kwa hiyo bakteria analipia 381 anatumia 275.

Kuunga kila asidi amino kwenye mnyororo ni kama fosfati 4 za nishati, kwa hiyo 381 mara 4 ni 1,524, na hapo hujatengeneza hizo asidi amino zenyewe. Za bei chee kama alanini na glaisini zinakula kama 12 kila moja, triptofani inafika kama 74. Na kuna kitu kitamu hapo: mwaka 2010 Daniel Smith na Matthew Chapman walionyesha kuwa protini za kutoka nje ya seli za vijidudu kwa wastani zinaundwa na asidi amino za bei rahisi kuliko zinazobaki ndani. Maana yake ile ya kubaki ndani ikizeeka unaivunja unarudisha malighafi, ya nje ikienda imekwenda. Kwa hiyo mleta mada wasiwasi wako hata mageuzi yenyewe yameuona.

#6 Asiyelala
Kwa hiyo bakteria ni bahili kuliko shemeji yangu. Endeleeni.

#7 Bi Mkubwa wa Maabara
Vijana naona mnakimbia na neno "nje" bila kuuliza nje ipi. Bacillus ana utando mmoja, akitoa kitu kimetoka kweli. E. coli ana tando mbili, katikati kuna nafasi, na vitu vingi "anavyotoa" vinaishia hapo katikati, havielei popote. Mfano mzuri ni fosfati. Ikipungua, jozi ya PhoR na PhoB inashtuka, inawasha kundi zima la jeni, mojawapo ni PhoA, kimeng'enya cha kunyofoa fosfati kwenye molekuli nyingine. Kinavushwa utando wa ndani, kinakaa kwenye ile nafasi. Wala hakifanyi kazi kikiwa ndani kabisa, maana kinahitaji vifungo vya salfa ambavyo ndani ya seli havifungiki vizuri. Ndo maana watu wanaitumia PhoA kama taa: ukiiunganisha na protini nyingine ikawaka, unajua kipande hicho kimevuka utando.

Mimi hiyo taa imenitoa jasho wiki nzima. Nilikuwa nataka kuona PhoA ya asili ikiwaka, kolonia hazigeuki bluu, nikabadilisha dawa, nikabadilisha inkubeta, nikamlaumu mwenzangu. Kumbe agari niliyochanganya ilikuwa imejaa fosfati. Kijidudu kimeshiba, kiwashe taa ya nini? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi ndo nilikuwa sijui.

#8 Kolonia7
Hahaha pole sana Bi Mkubwa. Nakubali kuhusu "nje". Niongeze kwamba milango nayo siyo mmoja. Ule mkuu unaitwa Sec, unapitisha protini ikiwa bado uzi, haijakunjwa, mwendo wa kusukumwa kwa nishati ya ATP. Mwingine ni Tat, huo unapitisha iliyokwisha kukunjwa, inafaa kwa zile zinazohitaji kuvalishwa madini ndani kabla ya kutoka. Na wenye tando mbili wakitaka kitu kifike nje kabisa wanahitaji mtambo wa ziada wa kutoboa utando wa pili. Mitambo hiyo wameipa namba, aina ya I, ya II, ya III na kuendelea. Kipindupindu kinatumia ya II kutoa sumu yake.

#9 Mzee Darubini
Mnazunguka sana. Njaa kubwa ya bakteria aliye mwilini mwa mtu siyo wanga wala fosfati, ni chuma. Mwili umekificha chuma chote, kiko ndani ya hemoglobini, kwenye transferini, kwenye laktoferini. Hapo bakteria anatoa protini zinaitwa siderofori zinakwenda kukinyang'anya. Mada imefungwa.

#10 Bi Mkubwa wa Maabara
Mzee wangu shikamoo, kwenye njaa ya chuma umepatia, kwenye siderofori umeteleza. Siderofori siyo protini, ni vimolekuli vidogo, nyingi haziundwi hata na ribosomu, ile mashine ya seli ya kuunga protini. Enterobaktini ya E. coli kwa mfano ni duara la vipande vitatu tu. Ukitaka protini halisi inayotumwa kwenda kuleta chuma iko HasA ya Serratia marcescens, hiyo inatolewa kwa mtambo wa aina ya I, inakwenda kuikwapua hemu yenye chuma, inaileta kwenye kipokezi kilichoko kwenye utando wa nje. Hiyo ndo ndoano ya Kolonia7 kabisa, ina mpaka na mshipi.

#11 Mzee Darubini
Marahaba. Nimekosolewa, nimepokea. Lakini kwa hasira hiyo ngoja niwape kubwa zaidi. Dondakoo.

Corynebacterium diphtheriae ana sumu moja, protini, anaitoa nje, inaingia kwenye seli ya mtu inazima utengenezaji wa protini. Swichi ya hiyo sumu ni chuma! Kuna kizuizi kinaitwa DtxR, chuma kikiwepo kinashika chuma, kinakaa juu ya jeni ya sumu, sumu haitoki. Chuma kikiisha kizuizi kinaachia, sumu inamwagika. Hili walianza kulinusa zamani sana, Pappenheimer alikuwa ameshaonyesha miaka ya 1930 kwamba kiasi cha chuma kwenye chakula cha bakteria ndo kinaamua sumu itoke au isitoke. Na wanaotengeneza chanjo mpaka leo wanaijua hiyo, ukitaka sumu nyingi ya kwenda kuilemaza iwe chanjo lazima umbane bakteria chuma. Kwa hiyo ule ugonjwa, ukiutazama kwa upande wa kijidudu, ni kelele za njaa.

#12 Mchokonozi
Daah Mzee hii imenipiga kichwani. Kwa hiyo anaua seli zetu ili zipasuke zimwage chuma?

#13 Mzee Darubini
Ndo maelezo ninayoyaamini mimi. Shigella dysenteriae aina ya 1 naye sumu yake inabanwa na chuma hivyo hivyo, ingawa kizuizi ni kingine, Fur. Wawili tofauti wamefika pale pale.

#14 Nyundo
Mzee polepole. Jeni ya sumu ya dondakoo haimilikiwi hata na bakteria, imebebwa na virusi vya bakteria vilivyojichomeka kwenye DNA yake, Freeman aliliona hilo 1951. Bakteria asiye na kirusi hicho anaishi kooni mwa mtu bila shida. Sasa hiyo sumu inamlisha nani, bakteria au kirusi? Inawezekana kirusi kimejitungia jeni yake kwenye swichi ya njaa iliyokuwepo tayari, kwa sababu upungufu wa chuma ni alama nzuri ya "tuko ndani ya mwili wa mtu". Hapo chuma kingekuwa anwani, wala siyo chakula.

#15 Mzee Darubini
Kirusi kikinufaika mwenye nyumba naye ananufaika. Hujavunja kitu.

#16 Nyundo
Sijavunja, nimetikisa.

#17 Jirani Mwema
Naona swali la mleta mada la post namba 4 limerukwa, nani kakuhakikishia vipande vinarudi kwako. Jibu: hakuna. Pseudomonas aeruginosa ukimlea kwenye kazeini, protini ya maziwa, kama chakula pekee inabidi atoe vimeng'enya vya kukata protini, na anavitoa kwa makubaliano, kila mmoja anatoa kamolekuli ka ishara, ishara zikijaa ndo wote wanawasha. Waache siku kadhaa. Wanaanza kutokea wenye jeni ya lasR iliyoharibika, hawa hawasikii ishara, hawatoi kimeng'enya, wanakula vilivyokatwa na wenzao na wanaongezeka kwa kasi kuliko wafanyakazi. Mchumia juani halii kivulini, anayelia kivulini ni mwingine kabisa.

Kilichowaokoa kwenye maabara ni ujanja mmoja, Dandekar na wenzake 2012: kumbe ishara ile ile inawasha pia kimeng'enya kinachobaki NDANI cha kula adenosini. Ukiweka adenosini, asiyesikia ishara anakosa chakula cha ndani, wizi unapungua.

#18 Asiyelala
Kwa hiyo hata huko kuna wanaokula kwenye kikundi bila kuchanga. Nimefarijika sana.

#19 Mpitanjia
Asiyelala usijitaje.

#20 Fundi Agari
Jirani Mwema, hiyo ya makubaliano mi huwa naitilia shaka. Rosemary Redfield 2002 aliuliza swali rahisi: tuna uhakika gani bakteria anahesabu wenzake? Labda yuko peke yake, anapima tu kama vitu anavyotoa vinachukuliwa na maji au vinabaki karibu. Anatoa kwanza kamolekuli ka bei rahisi, kakipotea anajua huku mkondo unabeba, hana haja ya kutuma subtilisini ya zaidi ya fosfati elfu moja na mia tano. Kakibaki, anatuma. Ni kama kutupa jani mtoni kabla hujatupa nyavu. Baadaye Hense na wenzake, 2007, wakasema kutoka nje huwezi kuyatenganisha hayo mawili, wingi wa wenzako na mtawanyiko vyote vinasomeka kwenye ishara moja. Kwa hiyo "ushirikiano" unaweza kuwa ni sisi binadamu tunajiona kwenye kioo.

#21 Jirani Mwema
Sasa kama anapima mtawanyiko tu, mbona walarushwa wa lasR wanashinda? Wangekuwa wanajitegemea wasingekuwa na wa kumnyonya.

#22 Fundi Agari
Swichi kuwa ya binafsi haizuii bidhaa kuibiwa. Ni vitu viwili.

#23 Kolonia7
Na kuna walioamua kutoachia kabisa. Clostridium thermocellum anakata selulosi kwa mtambo mzima unaoitwa selulosomu, vimeng'enya vingi vimebanwa kwenye mhimili mmoja wa protini na mhimili umeshikizwa kwenye ngozi ya seli. Bacteroides thetaiotaomicron wa kwenye utumbo naye wanga anaushika juu ya utando, anakata vipande vikubwa vikubwa, anavivuta kwenye ile nafasi ya Bi Mkubwa, na kumalizia kukata anamalizia humo ndani. Mchoyo kabisa. Kwa hiyo kutoa protini na kuitupa siyo lazima viwe kitu kimoja.

#24 Nyundo
Mi nina tatizo na uzi mzima. Mnajuaje hizo protini ZIMETOLEWA? Bakteria uliowaotesha wakizeeka chakula kikaisha seli zinakufa, zinapasuka, kila kilichokuwa ndani kinamwagika. Ukipima majimaji unakuta protini kibao unashangilia "wametoa!". Kwa Pseudomonas kuna seli zinalipuka kabisa, zinakuwa duara kisha pwaa, walizirekodi kwenye video wakachapisha 2016, na vipande vya utando vinajifunga vifuko vidogo vyenye mali ndani. Sehemu ya mnachokiita mkakati inaweza kuwa maiti.

Kolonia7 we mwenye sahani zako, umewahi kupima kwenye majimaji yako kimeng'enya ambacho hakina njia yoyote ya kutoka, tuseme glukosi-6-fosfati dihaidrojenezi? Kikiwepo, seli zinavuja.

#25 Kolonia7
Sijawahi. Nitapima.

#26 Bi Mkubwa wa Maabara
Nyundo hoja yako ni halali lakini haielezi ile anwani ya asidi amino 29 aliyoitaja Fundi Agari. Maiti haiandiki anwani.

Halafu mleta mada, kuna kitu kwenye swali lako kinanikera tangu mwanzo. Umesema "njaa" kama vile ni moja. Njaa ya NINI? Bakteria aliyeishiwa chuma anaweza kuwa amezama kwenye sukari na naitrojeni, kwake protini ni takataka za bei rahisi, atoe tani, hapotezi kile kinachomuuma. Aliyeishiwa naitrojeni ndo protini inamuuma. Angalia wanavyobana: kuna sayanobakteria wa jenasi Calothrix, salfa ikipungua anabadilisha protini zake za kukamata mwanga anaweka toleo ambalo limepunguzwa asidi amino zenye salfa karibu zote, ilichapishwa 1989. Wanajua kabisa kipi kimeadimika. Kwa hiyo swali la akili au ujinga huwezi kulijibu kabla hujaniambia kiriba kimetoboka wapi.

#27 Mchokonozi
Bi Mkubwa hapo nimekuelewa, ila Bacillus wa Kolonia7 anatoa vikata protini hata akiishiwa naitrojeni yenyewe. Yeye analipa kwa sarafu ile ile iliyoadimika.

#28 Bi Mkubwa wa Maabara
Huyo anacheza kamari, ni kweli. Kimeng'enya kimoja kinakata tena na tena, akikutana na mzoga mmoja mzuri kimelipa.

#29 Fundi Agari
Huyo huyo Bacillus kamari ikikataa anakula ndugu zake. Siyo utani. Losick na wenzake walionyesha 2003. Kutengeneza spora, ile mbegu ngumu ya kulalia njaa, kunachukua masaa na ukishavuka hatua fulani hurudi nyuma, kwa hiyo wanaoanza kuhisi njaa mapema wanatoa vipande vya protini vyenye sumu, SKF na SDP, wao wenyewe wana kinga, wenzao ambao hawajawasha swichi wanapasuka, wanaliwa, spora inaahirishwa. Hapo Nyundo umepata maiti zako, na zimeuawa kwa protini iliyotolewa. Nyote mko sahihi au nyote mmekosea, chagueni.

#30 Asiyelala
Narudisha maneno yangu kuhusu shemeji.

#31 Pwani ya Mbali
Salaam, nimechelewa. Niulize kutoka upande wa bahari. Maji ya bahari kuu ndo njaa yenyewe, na anayetamba huko ni kundi la bakteria wanaoitwa SAR11, jenomu yake ni kama herufi milioni 1.3 tu. Yeye hatumi misumeno. Amejaza vibebeo na protini za kunasa chembe kwenye nafasi ya kati ya tando, anasubiri kinachopita. Kama kutoa vimeng'enya ndo jibu la njaa, mbona mwenye njaa kuliko wote hatoi?

#32 Jirani Mwema
Kwa sababu majini kila kitu kinasombwa. Hiyo inamsaidia Redfield wa Fundi Agari, roho inaniuma kusema. Wanaokaa kwenye vipande vya mizoga vinavyozama ndo wanatoa vimeng'enya, pale kuna pa kuegemea.

#33 Kolonia7
Na hizo protini za kunasa za SAR11 nazo zimevuka utando wa ndani kwa mlango. Tukirudi kwa "nje ipi" ya Bi Mkubwa, naye ni mtoaji.

#34 Mzee Darubini
Mmesahau kifua kikuu. Yule ana ngozi ya nta nje, ana mtambo wa aina ya VII, na toleo lake moja, ESX-3, linawashwa chuma kikipungua. Ukilivunja anashindwa kutumia hata siderofori yake mwenyewe. Protini inatolewa, siderofori inatolewa, na hazifanyi kazi bila mwenzake. Nimeandika siderofori SIYO protini, Bi Mkubwa shahidi.

#35 Mpitanjia
Swali la kitoto: sabuni ya unga ya "vimeng'enya" ndo hawa hawa?

#36 Fundi Agari
Ndo hao. Nyingi ni subtilisini za jamaa wa Bacillus, zimefanyiwa marekebisho zisiharibiwe na sabuni yenyewe. Kiwandani wanawalea kwenye matangi, na ukiwashibisha sukari vibaya wanagoma kutoa, kwa hiyo chakula wanapewa kwa matone.

#37 Asiyelala
Nafua nguo kwa njaa ya watu.

#38 Mchokonozi
Wakuu nimetoka mtihanini. Swali limekuja kweli! "Taja sababu MOJA ya bakteria kutoa protini nje wakati wa upungufu wa virutubisho." Alama 2. Nimeandika kurasa mbili na nusu, nimegusa mpaka dondakoo na virusi vyake, sikumaliza swali la tano.

#39 Bi Mkubwa wa Maabara
Mwanangu. Ungeandika ndoano ukasonga.

#40 Kolonia7
Nyundo nimepima kama nilivyoahidi. Bacillus, majimaji ya kila saa, nimeyachuja kwanza. Kikata protini kimeanza kupanda pale pale ukuaji ulipokoma. Kile cha ndani saa hiyo hakionekani. Asubuhi yake kipo, kidogo.

#41 Nyundo
Kipo.

#42 Kolonia7
KIDOGO.

#43 Nyundo
Ulikiona baada ya kuchuja au kabla? Na wale wanaokula ndugu zao, wanaanza saa ngapi?